Bado Niko 570

Columbus, Ohio
Jumapili, 7 Julai 2024

Shikamoo Bibi, shikamoo Baba, shikamoo Mama, shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Shangazi. Wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Madhumuni makubwa ya barua hii ni kutaka kujua hali zenu. Mkitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, buheri wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Basi, hayo tuliyofundishwa darasa la tano yameisha. Sasa tuzungumze.

Najua mtashangaa kupata barua ya karatasi yenye stempu wakati kila mtu hapo ana simu. Grupu la familia limenishinda. Tangu Februari kila nikiandika "bado" najibiwa na katuni kumi na nne zinazolia machozi, na voisi ya Shangazi ya dakika sita ambayo dakika tano ni za jogoo. Tena kuna neno moja ambalo voisi hailiwezi. Barua itafika ikifika. Mwenzenu nimeshazoea vitu vinavyofika vikifika. Baba aisome kwa sauti barazani kama kawaida yake, na asiruke mistari inayomhusu Baba Mdogo.

Kwanza niwaeleze upya hii pesa ni nini, maana nasikia kijiweni Maneromango kuna wanaosema nilishinda bahati nasibu, na kuna wanaosema serikali ya Marekani ilinikopa. Hao wa pili wako karibu na ukweli.

Nyumbani mfanyakazi akikatwa kodi ya mshahara, ile ya lipa kadri unavyopata, imekwenda. Mwajiri anakata, anapeleka TRA, na wewe unabaki na karatasi ya mshahara unaitazama kama picha ya marehemu. Huku nako wanakata kila mshahara, ila wanakata kwa kukisia. Mwaka ukiisha, mwajiri anakupa karatasi iitwayo W-2 inayoonyesha mshahara wako wa mwaka mzima na kodi yote uliyokatwa. Wewe sasa unajaza fomu 1040. Unaondoa kwanza kile kiasi ambacho sheria haikigusi, na kwa mtu asiye na mke wala mtoto kama mimi, kwa mwaka 2023 kilikuwa dola 13,850 (Shangazi, hapo penye "asiye na mke" pita haraka). Kinachobaki unakipigia hesabu ya kodi, halafu unalinganisha na ulichokatwa. Ukikuta ulikatwa pungufu, unaongeza kabla ya tarehe 15 Aprili. Ukikuta ulikatwa zaidi, unarudishiwa.

Mimi kukatwa zaidi nilijitakia. Kuna kinyozi mmoja hapa Cleveland Avenue, Msomali aliyekulia Eastleigh, Kiswahili chake kimechanganyika na sheng' mpaka mara nyingine nadhani ananitukana kumbe ananisalimia. Columbus imejaa Wasomali, ukipotea njia unaelekezwa kwa Kisomali. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwambia mwajiri aongeze makato kidogo kila wiki, iwe kama kibubu. Alisema pesa ukiwa nayo mkononi lazima ipate shughuli. Iache kwa serikali, serikali haina shemeji.

Basi usiku wa tarehe 4 Februari, theluji nje, nimevaa soksi mbili mbili, nikajaza fomu yangu kwa simu nikiwa chini ya blanketi. Kufika mwisho ikatokea namba ya kijani: dola 1,984. Mtu mwenye akili angezima simu akalala. Mimi nikaipiga picha nikaitupa kwenye grupu. Kwenu kulikuwa kumekucha, watu wako na chai na mihogo. Ilipofika saa nne, Baba Mdogo alikuwa ameshaizidisha kwa shilingi elfu mbili mia tano na ushei akapata milioni tano. Kabla ya adhuhuri milioni tano ilikuwa imekwisha: mabati, kenchi, fundi, ada, mchango wa harusi ya mtu ambaye mpaka leo simjui, na pikipiki. Niliyemwona ana huruma ni Bibi peke yake. Yeye aliomba doti mbili za kanga.

IRS, ndiyo TRA ya huku, husema wengi wanaotuma fomu kwa mtandao hulipwa ndani ya siku 21. Wana ukurasa wa kutazama safari ya pesa yako, una vituo vitatu: fomu imepokelewa, malipo yameidhinishwa, malipo yametumwa. Ni kama daladala ya Gongo la Mboto, unaiona ilipo. Yangu ilifika kituo cha kwanza, dereva akashuka kunywa chai.

Siku ya 21 ikapita. Siku ya 22 akapiga Baba Mdogo. Hakusema lolote baya. Aliuliza tu kama huku kumeamka salama, akakohoa, akaniambia siku hizi mvua za kwetu hazisubiri masika.

Nikarudi kwa kinyozi. Akanicheka, kitambaa kikiwa shingoni mwangu, akasema ule ukurasa wa vituo vitatu ni wa kuwatuliza watoto. Watu wazima husoma hati ya akaunti. Hiyo unaifungua kwa jina lako kwenye tovuti ya IRS, na ndani hamna sentensi ya kueleweka, kuna namba za tarakimu tatu tatu, kila tukio namba yake. Wanazo nyingi hata wamezitungia kitabu kwa ajili ya wafanyakazi wao, na kitabu chenyewe nacho kina namba, 6209. Mashine kuu inayotunza akaunti hizo ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Martinsburg, West Virginia, wakati Tanganyika yenyewe bado inanuka rangi mpya. Wamekuwa wakiitengeneza na kuiongezea viraka tangu hapo, lakini lugha yake ni ileile ya zamani ya namba. Usimlaumu mzee kwa kuongea kizee. Kwa Kiingereza namba hizo huitwa kwa neno linalotamkwa karibu sawa na kodi, kwa hiyo mwenzenu nimekatwa kodi, nikadai kodi, nikakaa kusoma kodi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Niliipiga picha hati nayo nikaitupa kwenye grupu.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia. Juu ya hati kulikuwa na salio la akaunti, na mbele ya 1,984 palikuwa na alama ya kutoa. Mama amesoma hesabu, na kwa hesabu ya Mama, ya duka na ya chama cha kufa na kuzikana, alama ya kutoa maana yake unadaiwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umewafanya nini watu wa watu?" Ilinichukua usiku mzima kueleza kwamba daftari ni lao wala si langu. Wao ndio waliopungukiwa. Penye alama ya kutoa huku unashangilia, penye namba tupu ndipo unapotafuta wakili.

Baba Mdogo yeye hakulia. Aliona tarehe. Juu kabisa ya hati iliandikwa tarehe 18 Machi 2024, na Baba Mdogo akaamua kwamba hiyo ndiyo siku ya pesa. Si yeye peke yake, kuna watu wazima huku wamezaliwa hapa na wanaamini hivyohivyo. Tarehe ile ni ya hesabu zao za ndani tu, kwamba kama kuna riba au faini basi imepigwa hadi siku hiyo. Haiahidi kitu. Lakini mimi nilipoamka kueleza haya, Baba Mdogo alikuwa ameshakwenda Kisarawe kwa tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi, amechukua mabati thelathini ya geji 30 kwa mali kauli, ameahidi tarehe 18 Machi, na picha ya hati amemwonyesha kama dhamana. Tajiri naye aliisoma alama ya kutoa vibaya. Alidhani ni dashi.

Kulikuwa na namba nyingine ndefu ya tarakimu nane, na hii niwape kwa sababu ni tamu. Nne za mwanzo ni mwaka, mbili zinazofuata ni juma la ngapi, mbili za mwisho ni siku. Siku zao huanza kuhesabiwa Ijumaa, kwa hiyo 01 ni Ijumaa na 05 ni Alhamisi. Yangu iliishia na 05. Nikakaa nikawaza. Sisi tuna Jumatano yenye tano ndani yake, halafu kesho yake tuna Alhamisi, ambayo nayo kwa Kiarabu ni ya tano. Tano mbili zimepangana, na watu tunaishi humo hatugombani. Kumbe mashine ya Martinsburg iko upande wa Waarabu.

Sasa namba zenyewe. Ya kwanza 150, fomu yako imeingia vitabuni na kodi yako imeandikwa. Chini yake 806, hizi ndizo ulizokatwa kwenye mshahara. Hapo roho iliburudika. Ukitoa moja kwenye nyingine unaipata pesa yako, inakutazama. Tena chini yake, bila maelezo, ikakaa 570.

570 maana yake kuna hatua nyingine inayosubiriwa kwenye akaunti yako. Nani anaichukua? Haijaandikwa. Lini? Haijaandikwa. Nimesoma maneno yale mara nyingi nikitafuta mlango, hayana mlango. Wiki iliyofuata ikaongezeka 971, yaani umeandikiwa barua. Barua inasema nini? Hati haisemi, subiri barua. Nilikuwa nashuka ngazi kila siku kutazama sanduku la posta kama mchumba.

Niliwaandikia grupu lote: "Nimekwama 570." Kimya. Halafu ikaja voisi ya Baba, ambaye voisi zake ni chache kama mvua za Agosti. Nimeihifadhi. Alisema, "Mwanangu, hiyo ni uhakiki. Tulia." Basi, sekunde tisa.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Baba ameuza korosho kwa stakabadhi ghalani miaka mingapi? Unapeleka magunia chama cha msingi, yanapimwa, unapewa karatasi, magunia yanakwenda ghala kuu, yanasubiri mnada. Mnada ukipita unasubiri mnunuzi aingize pesa. Akiingiza, makato yanatoka, kisha orodha inakwenda benki, na benki jina lako limekosewa herufi moja. Kila hatua ina jina lake na hakuna hatua inayoitwa "bado". Na msimu ule wa 2018 Baba alikuwa Nachingwea kwa mjomba. Mnakumbuka, bei za mnada zilianguka, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaingia kusini kuzibeba. Halafu likaja neno uhakiki. Mwenye magunia mengi aonyeshe shamba lake, isije ikawa ni kangomba, amezinunua kwa wenzie kwa bei ya kutupa. Mjomba alitembezwa na Baba nyuma yake, wakahesabu mikorosho mmoja mmoja, na Baba akatoka huko na elimu ambayo haikupatikana chuo chochote: anayekuchelewesha kwa uhakiki hajakataa kukulipa. Anataka tu kuiona miti.

Miti yangu mimi ilikuwa W-2. Nilipaswa kuielewa ile voisi siku ileile.

Wakati mimi nimekosa usingizi, nyinyi mkaanza kufaidi. Mdogo wangu ameniambia yote. Kwamba mwenye duka pale njia panda ameandika kwa chaki mlangoni, "Leo kukopa 570." Kwamba bodaboda asiye na chenji anajibiwa, "Usinipe 570, nipe mia tano yangu." Kwamba mchumba wa binti wa jirani, aliyeahidi mahari baada ya mavuno ya mihogo, sasa anaitwa Bwana 570 mbele ya wakwe. Kwamba wale wazee waliokuwa wakidai fidia ya mashamba yaliyochukuliwa kwa mibono, miaka ile wageni walipokuja kulima mafuta Kisarawe, waliposikia maana ya namba hiyo walisema wao ndio wenye hakimiliki. Na kwamba Mama, nimeshindwa kuamini hili, mtoto akitumwa chumvi akachelewa, Mama anatoka uani anaita, "Wewe! Uko 150 au 570?" na mtoto anajibu kutoka barabarani, "971, Bibi! Nimetuma ujumbe!"

Bibi hakuzijua namba, lakini alinipigia akasema, "Mume wangu, huko kwenu deni nalo lina namba, kama mfungwa?" Sikupata jibu. Mpaka leo jibu sinalo.

Barua ilifika mwishoni mwa Machi. Ukurasa mmoja, heshima tele. Inasema tunakagua fomu yako, tunahakikisha kipato na makato, huna haja ya kufanya lolote, subiri siku 60. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye theluji nikakumbuka kwamba kwetu ukiambiwa "njoo kesho" unaweza angalau kumtazama usoni anayekwambia. Huku hakuna uso. Lakini nakiri hili pia, siku 60 ni siku 60. "Kesho" ya kwetu nimeshaiona ikifikisha miaka mitatu, na mna watu hapo nyumbani wana namba ya kitambulisho, kitambulisho chenyewe wanakisikia.

Tajiri wa mabati hakuwa na siku 60. Tarehe 18 Machi ilipita, akamtuma kijana na pikipiki kuja kuyatazama mabati, si kuyachukua, kuyatazama tu. Baba Mdogo akampa madafu, akamwonyesha barua ya IRS kwenye simu, akamtafsiria siku 60 kuwa 16. Boma la Baba likabaki na kenchi zake juu, mabati yamelala chini ya mwembe yamefunikwa majani, fundi anasema hapigi msumari juu ya mali ya mtu mwingine. Masika ikaingia. Mliniambia Rufiji imefurika, kisha mwanzoni mwa Mei redio zikaanza kutangaza Kimbunga Hidaya kinakuja pwani. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza matofali ya Baba, ya udongo tena, yanavyokunywa maji.

Baba, kuanzia hapa soma kwanza kimya kimya, kisha uamue mwenyewe kama utawasomea.

Usiku wa Hidaya, kwa kukosa la kufanya, nilishusha kopo la biskuti ninamoweka karatasi nikaitoa W-2. Ndani ya kisanduku cha pili, penye kodi niliyokatwa, imeandikwa 3,285. Nikafungua fomu niliyojaza mimi, kwa vidole hivi, chini ya blanketi. Nimeandika 3,825. Mbili na nane zimebadilishana viti. Dola 540 ambazo sikuwahi kukatwa nilikuwa nimeziomba nirudishiwe, nikazitangaza, mkazigawa.

Hawakunikosea, Baba. Mwajiri alipeleka karatasi yake, mimi nikapeleka yangu, mashine ikaziweka pamoja ikaona hazifanani, ikaandika 570. Ilitaka kuiona miti. Nikajiona kama yule kangomba aliyeulizwa shamba lako liko wapi akaonyesha upepo.

Ningesema wakati uleule. Sikusema. Nilijipa sababu kwamba kuna kimbunga, kwamba Mama atashtuka, kwamba Baba Mdogo ana presha. Juni hati ilipofunguka nilikuta 807, yaani makato uliyodai yamepunguzwa, na kwa mara ya kwanza mimi peke yangu duniani nilifurahi kuona namba hiyo. Chini yake 571, hatua iliyosubiriwa imekwisha. Kisha 846, pesa imetoka, tarehe 26 Juni. Dola 1,444. Nikaandika kwenye grupu: "Imetoka, ila wamekata."

Wamekata! Neno moja, na tangu siku ile Baba Mdogo anazunguka na Marekani mdomoni. Nasikia amewaeleza mpaka wasafiri wa basi la asubuhi jinsi taifa kubwa lilivyomdhulumu yatima, na mimi baba ninaye, ndiye anayesoma barua hii. Nasikia mwalimu mmoja wa sekondari amewapa wanafunzi mjadala juu ya jambo hilo na upande wa Marekani ulishindwa. Basi hawakukata. Nilijikata mwenyewe kwa kuandika vibaya. Baba Mdogo nakuomba radhi wewe kwanza, kwa sababu ulinitetea kwa nguvu zako zote kwa jambo ambalo sikulistahili, na uwaambie na wale wa basi, angalau wa viti vya mbele.

Baba, sasa unaweza kupaza sauti.

Mgawo ni huu, na safari hii hesabu nimeirudia mara tatu. Milioni tatu na laki saba na ushei ndiyo iliyopatikana. Deni la mabati lilipwe lote kwanza, alipe Baba mwenyewe, adai risiti. Fundi apewe nusu akianza na nusu akimaliza, na asianze mpaka matofali ya ukuta wa kusini yaliyolainika yabadilishwe. Ada ya wadogo zangu nimeipeleka shuleni moja kwa moja. Harusi ya mtu nisiyemjua nimeichangia shilingi elfu ishirini, na ningependa kuambiwa ni nani. Pikipiki hakuna. Pikipiki ilikuwa ndani ya zile dola 540.

Limebaki moja, na hili Baba, hata kulisikia mara ya pili, litakufurahisha kuliko mabati. Juu ya dola zangu waliongeza dola 22 na senti kadhaa, kwa namba 776. Ni riba. Sheria yao inasema pesa ya mtu ikikaa kwao zaidi ya siku 45 baada ya tarehe ya mwisho ya kujaza, wanailipia riba, na mwaka huu wa 2024 ni asilimia 8 kwa mwaka. Hata kama aliyesababisha kuchelewa ni mjinga aliyebadilisha mbili na nane. Nilipokwambia kwa simu ulinyamaza muda mrefu, ukauliza ile miaka yote ya ghalani ungekuwa unadai ngapi, halafu ukasema usiipige hiyo hesabu. Sijaipiga.

Ila na riba hiyo ni kipato, na kipato kinatozwa kodi. Januari wataniletea karatasi yake nami nitaijaza kwenye fomu 1040 ya 2024. Nitajaza mchana, mezani, bila blanketi, na picha sitapiga.

Wasalaam,
mwanenu wa ughaibuni

Bibi, pesa ya kanga nimeituma peke yake kwenye simu yako. Ujumbe ukiingia usimwonyeshe Baba Mdogo.